Bokchoi jikoni: mwongozo kamili wa kuipika nyumbani ikabaki na rangi, utamu na ukakamavu wake

Bokchoi ni mboga mbili zilizoota kwenye shina moja. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeshaimaliza. Chini kuna bua nene, jeupe au la kijani mpauko, lililojaa maji kama tango. Juu kuna jani jembamba la kijani kilichokolea, linalonywea mara tu linapoguswa na moto. Bua linataka dakika mbili au tatu. Jani linataka nusu dakika. Ukivitia vyote jikoni kwa wakati mmoja, lazima kimoja kiumie: ama jani liwe tayari na bua bado bichi, au bua liive na jani liwe limekwisha kufa.

Nilipoanza kuipika sikulijua hilo. Niliikata yote kwa mpigo, nikaitumbukiza kwenye mafuta ya uvuguvugu, nikafunika, nikaendelea na shughuli nyingine. Dakika kumi baadaye nilikuta maji ya kijani yamejaa nusu ya kikaango, majani yamegeuka rangi ya matope na mabua yamelegea kama kamba iliyolowa. Nikaamini mboga yenyewe ndiyo haina ladha. Siku nilipokula iliyopikwa vizuri, ikiwa na kitunguu saumu, chumvi na mafuta tu, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikikosa. Bua lilivunjika mdomoni kwa mlio, likaachia maji matamu. Jani lilikuwa laini, lina uchungu mdogo wa kupendeza. Tangu hapo imekuwa mboga ninayoipika mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na sababu kubwa ni kwamba haichukui hata dakika tano motoni.

Ifahamu kwanza

Jina lake limetoka Kikantoni, lugha ya kusini mwa China, na maana yake ni "mboga nyeupe", kwa ajili ya yale mabua. Wengine huiita pakchoi, wengine chainizi. Kibotania ni spishi moja na tanipu na ile kabichi ya Kichina inayofunga kichwa kirefu. Zote ni Brassica rapa. Ndiyo maana ukiipika kupita kiasi inatoa harufu kali ile ile ya kabichi iliyochemshwa mno. Ni ukoo mmoja.

Utakutana nayo kwa sura mbili kuu. Iko yenye mabua meupe kabisa na majani ya kijani kizito yenye mikunjo, na iko yenye mabua ya kijani mpauko yaliyopinda kama kijiko, ambayo wengi huiita ya Shanghai. Ya kijani ni laini na tamu kidogo zaidi. Ya mabua meupe ina ukakamavu zaidi. Mapishi yote yaliyo hapa chini yanazifaa zote mbili. Kinachobadilisha upishi kweli ni ukubwa. Shina dogo, la urefu wa sentimita 10 hadi 15, hupikwa zima au limepasuliwa katikati. Kubwa, la sentimita 30 na kuendelea, lazima litenganishwe bua na jani.

Katika gramu 100 za bokchoi mbichi, takribani 95 ni maji. Kalori ni 13 tu. Ina vitamini C miligramu 45 hivi na kalsiamu miligramu 105 hivi, na kalsiamu yake ina sifa moja ya kuthaminiwa: bokchoi ina oksalati kidogo sana, kwa hiyo mwili unaifyonza vizuri, tofauti na spinachi, ambayo kalsiamu yake nyingi hufungwa na oksalati ikapita bila kutumika. Kwa asiyekunywa maziwa, hii ni mboga ya kuwekwa mezani kila wiki. Ina pia vitamini K kwa wingi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiile kwa wingi ghafla bila kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa vitamini hiyo hupunguza nguvu ya dawa.

Lakini ishike ile namba ya maji, gramu 95 kati ya 100. Karibu kila kosa la kupika bokchoi linatokana nayo.

Kuchagua

Angalia kitako, pale mabua yanapokutana. Kiwe kimekatwa karibuni, chenye unyevu, si cha kahawia wala kilichokauka na kupasuka. Libonyeze bua kwa kidole gumba: liwe gumu. Majani yasiwe na umanjano wala matundu mengi. Ukiona ua la njano limeanza kuchomoza katikati, shina limekomaa. Linalika bado, lakini mabua ya nje yatakuwa na nyuzi. Kama unaweza kuchagua, chukua madogo. Hayana kazi nyingi na yanasamehe makosa.

Kuosha: usiifanyie haraka kazi hii

Mabua ya bokchoi yamekumbatiana kama vijiko vilivyopangwa, na kila bua lina bonde kwa ndani. Mvua na maji ya kumwagilia hushuka na udongo mpaka kwenye lile bonde, ukatulia pale chini kabisa kwenye kitako. Ukilishika shina zima chini ya bomba, maji yanapita juu ya majani na kuuacha mchanga mahali pake. Utakuja kukutana nao kwenye meno.

Kama ni shina kubwa, kata kitako sentimita moja ili mabua yaachane, kisha osha bua moja moja, ukipitisha kidole gumba kwenye lile bonde kutoka chini kwenda juu. Kama ni dogo na unataka libaki zima, lipasue katikati kwa urefu huku kitako kikiendelea kuyashikilia mabua. Jaza beseni maji baridi, tumbukiza vipande, vitikise kwa mkono, halafu viache vitulie dakika tano. Mchanga utashuka chini. Sasa nyanyua mboga kutoka kwenye maji; usiyamwage maji ukiwa nayo ndani, kwa sababu mchanga wote uliotua utarudi kwenye majani. Pitisha kidole chini ya beseni. Ukisikia chembe, badilisha maji na urudie.

Kisha ikaushe. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi huiruka hatua hii. Laza vipande kwenye chujio, upande uliokatwa ukitazama chini, vikae robo saa. Utashangaa kiasi cha maji kinachotoka kwenye mikunjo ya kitako hata baada ya kuvikung'uta. Ukiwa na haraka, vifute kwa kitambaa safi. Kwa mapishi ya kuchemsha na supu si lazima, lakini kwa kukaanga na kwa oveni, mboga iliyolowa ni mboga iliyoharibika kabla haijafika jikoni.

Kukata

Shina kubwa: shika jani, fuata bua kwa kisu mpaka pale weupe unapoanza kuwa mwembamba, kata. Mabua yakate mshazari, vipande vya sentimita moja na nusu. Mshazari una kazi yake: unaupa moto eneo kubwa zaidi la kugusa, na mchuzi unapata mahali pa kushika. Majani yakate mapana, sentimita tano hivi, kwa sababu yatanywea mpaka robo ya ukubwa wake. Weka mabua bakuli moja, majani bakuli jingine. Mabakuli hayo mawili ndiyo yatakayoiokoa mboga yako.

Shina dogo: pasua vipande viwili kwa urefu, au vinne kama ni nono. Lililo dogo kuliko kiganja liache zima.

Pishi la kwanza: kukaanga kwa kitunguu saumu

Ukijifunza hili moja, mengine yote utayapata kwa urahisi. Kwa watu wawili au watatu, kama mboga ya pembeni, unahitaji:

- bokchoi gramu 400 (mashina madogo matatu au manne), iliyokauka, mabua na majani yakiwa yametenganishwa
- mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kali, kijiko kimoja na nusu cha chakula
- kitunguu saumu punje tatu, zilizokatwa vipande vyembamba
- tangawizi kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, iliyokatwa nyuzi nyuzi (ukipenda)
- chumvi robo kijiko cha chai
- maji vijiko viwili vya chakula
- sosi ya soya kijiko kimoja cha chakula
- mafuta ya ufuta nusu kijiko cha chai

Kitunguu saumu nasema vipande, sisemi kusaga wala kutwanga. Kilichosagwa kinaungua ndani ya sekunde chache kwenye mafuta ya moto, na kikiungua kinaitia mboga nzima uchungu usioondoka. Vipande vyembamba vinakupa muda wa kupumua.

Panga kila kitu karibu na jiko kabla ya kuwasha moto. Ukishaanza hutakuwa na nafasi ya kutafuta chupa ya sosi.

1. Weka kikaango kipana au karai kwenye moto mkali, kikiwa kikavu, kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Dondosha tone la maji: likigeuka kitone cha mviringo na kukimbia huku na huku, au likipotea papo hapo kwa mlio, kiko tayari. Likitulia na kuchemka polepole, subiri. Kama kikaango chako kimepakwa utando wa kuzuia chakula kisigande, usikipashe kikiwa kitupu. Tia mafuta tangu mwanzo na utumie moto wa kati kwenda mkali.

2. Tia mafuta, yazungushe yaguse pande zote. Tia kitunguu saumu na tangawizi. Koroga kwa sekunde 15 hivi. Unachosubiri ni harufu kupanda na kingo za kitunguu saumu kuanza kubadilika rangi. Zikishakuwa za dhahabu umechelewa, kwa kuwa bado zitaendelea kuiva na mboga.

3. Tia mabua yote kwa mara moja, na chumvi. Utasikia mlio mkali kama wa mvua juu ya bati. Mlio huo ndio kipimo chako. Ukiendelea, maji yanayotoka kwenye mboga yanageuka mvuke na kuondoka. Ukipungua na kuwa mchemko wa chini chini, maji yameshinda moto, na sasa unachemsha, hukaangi. Koroga bila kusimama kwa dakika moja na nusu hadi mbili, mpaka kingo za mabua zianze kung'aa kama kioo.

4. Mwagia maji vijiko viwili pembezoni mwa kikaango. Hapa mtu atauliza: si tulikuwa tunakwepa maji? Haya ni machache na kikaango kina moto wa kutosha, kwa hiyo yanageuka mvuke mara moja na kuupenyeza joto katikati ya bua bila kuliunguza nje. Ndani ya sekunde 20 yatakuwa yamekwisha.

5. Tia majani. Yageuze kutoka chini kwenda juu kwa sekunde 30 hadi 45. Utayaona yanashuka na rangi yake kukolea ghafla, kijani cheupe kikawa kijani kizito kinachong'aa. Wakati huo huo, mwagia sosi ya soya kwenye ukingo wa kikaango, si juu ya mboga, ili iungue kidogo kwenye chuma na kutoa harufu yake.

6. Ondoa kwenye moto kabla hujaridhika kabisa. Tia mafuta ya ufuta, geuza mara moja, mimina kwenye sahani papo hapo. Joto lililobaki litamalizia kazi. Ikibaki ndani ya kikaango, dakika mbili tu zinatosha kuiharibu.

Onja kipande cha bua. Kiwe kimelainika nje na bado kinavunjika katikati. Kama ni kigumu kama karoti mbichi, safari ijayo yape mabua nusu dakika zaidi kwenye hatua ya tatu.

Kuhusu kipimo: usizidishe gramu 400 kwenye kikaango cha sentimita 28. Majiko mengi ya nyumbani hayana moto wa kuhimili zaidi ya hapo. Ukiwa na wageni sita, kaanga mafungu matatu, moja baada ya jingine. Kila fungu ni dakika nne. Hicho ni kipindi kifupi kuliko utakachotumia kuyachemsha mpaka yakauke yale maji yatakayotoka ukijaza kikaango.

Pishi la pili: kuchovya kwenye maji ya moto na kumwagia sosi

Hili ndilo ninalompa mtu anayeogopa moto mkali, au mwenye jiko dhaifu. Linatoa mboga yenye rangi nzuri kuliko zote.

Chemsha maji lita mbili, yenye kuruka hasa. Tia chumvi kijiko kimoja cha chakula na mafuta kijiko kimoja cha chai. Mafuta hayo yanaelea juu, na mboga inapotoka majini yanaipaka utando mwembamba unaoifanya ing'ae mezani. Shika mashina yaliyopasuliwa kwa upande wa majani, uzamishe kitako na mabua tu, uhesabu sekunde 45. Kisha yaachie yazame yote kwa sekunde 30 nyingine. Yatoe, yakung'ute, yalaze kwenye chujio upande uliokatwa ukiwa chini. Usifunike sufuria.

Sababu ya kutofunika ni hii. Mboga inapoiva hutoa asidi kidogo, ambayo huondoka na mvuke. Ukifunika, asidi inarudi majini na kuing'oa magnesiamu iliyo katikati ya klorofili, kile kinachoyapa majani ukijani wake, na rangi inageuka kutoka kijani kwenda ukijivu wa zeituni. Limau au siki ina athari ile ile. Ukipenda uchachu, kamulia mezani wakati wa kula, si jikoni.

Sosi: kwenye sufuria ndogo pasha mafuta kijiko cha chai, kaanga punje mbili za kitunguu saumu zilizokatwa ndogo kwa moto mdogo. Tia sosi ya chaza kijiko kimoja na nusu cha chakula, sosi ya soya kijiko cha chai, sukari nusu kijiko cha chai, na maji vijiko vitatu vya chakula. Ikichemka, koroga konflawa kijiko kimoja cha chai kwenye maji baridi kijiko kimoja cha chakula, mimina huku ukikoroga. Itakuwa nzito ndani ya nusu dakika. Iwe nzito kiasi cha kushika mgongo wa kijiko, isiwe uji. Panga bokchoi kwenye sahani, vitako upande mmoja, mwagia.

Sosi ya chaza hutokana na chaza wa baharini, kwa hiyo mwenye mzio nao asiile. Ipo inayotengenezwa kwa uyoga, na ladha yake haiko mbali.

Pishi la tatu: nusu zilizobabuliwa

Napenda hili kwa chakula cha jioni chenye kitu kimoja tu cha kujivunia. Chukua mashina madogo yaliyopasuliwa katikati, yakaushe upande uliokatwa kwa kitambaa mpaka kitambaa kisilowe tena. Pasha mafuta kijiko kimoja cha chakula kwenye kikaango kizito, moto wa kati kwenda mkali. Yalaze, upande uliokatwa ukigusa chuma, yabonyeze kidogo kwa mwiko, kisha uyaache. Usiyasogeze kwa dakika mbili na nusu. Ukishawishika kuchungulia, inua ukingo wa moja tu. Unatafuta rangi ya kahawia ya dhahabu, na hapo ndipo utamu ulipo.

Yakishababuka, mwagia vijiko vitatu vya maji au supu ya kuku, funika dakika moja na nusu hadi mbili. Hapa kufunika hakudhuru, muda ni mfupi mno. Choma kitako kwa ncha ya kisu: kiingie kwa upinzani mdogo. Nyunyiza chumvi, pilipili manga na ufuta uliokaangwa.

Kwa mvuke

Panga nusu za bokchoi kwenye sahani inayohimili joto, juu ya maji yanayochemka, ufunike dakika nne hadi sita kulingana na unene. Mwaga maji yaliyokusanyika kwenye sahani, la sivyo sosi yote itapooza. Tandaza juu yake nyuzi za tangawizi na kitunguu majani, nyunyiza sosi ya soya. Sasa pasha vijiko viwili vya mafuta mpaka yaanze kutoa moshi mwembamba, uyamimine polepole juu ya tangawizi. Itachachatika, na harufu itajaa nyumba. Simama mbali kidogo unapomimina, na hakikisha hakuna mtoto karibu.

Kwenye supu

Supu yoyote nyepesi inaipokea: ya kuku, ya samaki, ya uyoga, ya tambi. Mabua yanaingia dakika tatu kabla ya kuepua, majani dakika moja kabla. Ukitaka supu ibaki angavu, tia majani kwenye bakuli la kulia na uyamiminie supu inayochemka juu yake. Yataiva humo humo.

Pamoja na uyoga, tofu, mayai au nyama

Kanuni ni moja: kile kinachochelewa kuiva kipikwe kwanza, kitolewe, kisha kirudishwe mwishoni. Uyoga nao una maji mengi, kwa hiyo ukiutia pamoja na bokchoi unapata bwawa. Ukaange peke yake mpaka maji yake yakauke na kingo ziwe za kahawia, utoe, ufute kikaango, uanze pishi la kwanza kama lilivyo, na uurudishe pamoja na majani. Tofu, ile jibini ya maharage ya soya, vivyo hivyo: ikaushe, ikaange mpaka ishike rangi, iweke kando. Nyama ya kuku au ng'ombe ikatwe nyembamba na iive kabisa kabla ya kuungana na mboga, kwa sababu dakika chache za bokchoi hazitoshi kuivisha nyama mbichi. Mayai yavuruge yakaribie kushika, uyatoe, na uyarudishe wakati majani yanaanza kunywea.

Katika oveni

Pasha oveni mpaka nyuzi joto 220. Paka nusu zilizokauka mafuta na chumvi, zipange kwenye trei bila kupandana, upande uliokatwa chini. Dakika 8 hadi 10 zinatosha. Kingo za majani zitakuwa kavu na zenye kuvunjika, mabua laini. Ukiwa na pilipili, punje moja iliyokatwa na kutiwa ndani ya mafuta kabla ya kupaka inaleta tofauti kubwa.

Ikiwa mbichi

Mashina machanga yanalika mabichi. Kata mabua nyembamba kama karatasi, nyunyiza chumvi nusu kijiko cha chai, acha robo saa, kamua maji, kisha changanya na majani yaliyokatwa, limau, mafuta ya ufuta na sukari kidogo. Ni saladi nzuri yenye mlio.

Kwa kiasi, lakini. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa cha mwanamke wa miaka 88 aliyekuwa akila kilo moja hadi moja na nusu ya bokchoi mbichi kila siku kwa miezi kadhaa, akafikishwa hospitali akiwa mahututi kwa tezi yake ya shingoni kupungukiwa nguvu. Mboga za ukoo wa kabichi zina viambata ambavyo, zikiliwa mbichi kwa wingi wa namna hiyo, huizuia tezi kutumia madini ya joto. Kupika hupunguza kwa kiasi kikubwa kutokea kwa viambata hivyo. Bakuli la saladi mara moja moja si tatizo kwa mtu mwenye afya. Mwenye maradhi ya tezi aipende iliyopikwa.

Ikiwa imekwenda kombo

Imejaa maji: usiendelee kuipika ukitumaini itakauka, utaua majani. Nyanyua mboga, weka sahani, acha maji peke yake yachemke kwa moto mkali mpaka yabaki vijiko viwili, yafanye mazito kwa konflawa kidogo, umwagie juu. Imekuwa sosi.

Ni chungu: mara nyingi ni kitunguu saumu kilichoungua, au shina lililokomaa sana. Chembe ya sukari na tone la sosi ya chaza husaidia. Kwa shina lililokomaa, chovya kwanza kwenye maji ya moto kama pishi la pili, ndipo ukaange.

Mabua yana nyuzi: menya ngozi ya nje ya mabua makubwa kwa kisu kidogo, kuanzia chini. Nyuzi zitatoka zenyewe kama za figili nene.

Ina chumvi mno: sosi ya soya na ya chaza zote ni chumvi tayari. Ukitumia zote mbili, iache ile robo kijiko ya mwanzo.

Kuhifadhi

Usiioshe kabla ya kuihifadhi. Ifunge kwenye karatasi ya kufutia ya jikoni, iweke kwenye mfuko usiobana, kwenye droo ya mboga ya friji, mbali na ndizi, tufaha na matunda mengine yanayoiva, kwa kuwa gesi yanayotoa huyageuza majani njano upesi. Siku tatu hadi tano itakuwa nzuri. Ikilegea kidogo, itie kwenye maji baridi sana nusu saa. Mabua yatakakamaa tena.

Iliyopikwa hukaa friji siku mbili, lakini usitarajie ule mlio wa mara ya kwanza. Mimi huikatakata na kuitia kwenye wali wa kukaanga au supu ya siku inayofuata. Kugandisha kunawezekana: chovya dakika moja hadi mbili kwenye maji yanayochemka, izamishe kwenye maji ya barafu, ikamue, ndipo uigandishe. Baada ya hapo inafaa supu tu.

Na kile kitako ulichokikata, kama kina unene wa sentimita tatu au zaidi na hakijaoza, kisimamishe kwenye bakuli lenye maji ya kina cha sentimita moja, karibu na dirisha. Badilisha maji kila siku. Ndani ya siku chache majani mapya madogo huanza kuchomoza katikati, na mizizi ikitokea unaweza kukihamishia kwenye udongo. Hakitarudi kuwa shina zima nono kama la mwanzo, ila majani yake yanatosha kupamba bakuli la supu.